Sikukuu Zote ni Siku za Kazi

Jumanne, 22 Aprili

Pasaka imekwisha. Watoto tisa wamerudi, wote na mafua. Uji umetoka saa tatu badala ya saa mbili na nusu. Nimeandika kwenye daftari la kasoro.

Nimekaa na kalenda. Idd, siku mbili. Siku ya Karume. Ijumaa Kuu. Jumatatu ya Pasaka. Siku tano ndani ya wiki tatu! Kituo chetu cha kulelea watoto hulipwa kila asubuhi, mtoto anapopokelewa. Hajaja, hajalipa. Na bado Muungano, Jumamosi hii. Na Mei Mosi, wiki ijayo. Mwaka huu umetengenezwa na mtu asiyenipenda.

Nilimweleza dada Notburga. Nyumba ni yake, na watoto anawalea yeye. Mimi ni Mkurugenzi. Nilikuja hapa Matogoro kumsalimia kwa wiki mbili, ghala la tumbaku nililokuwa karani wake huko Namtumbo lilipofungwa. Huu ni mwaka wa tatu. Nilikuta mambo yote yanaendeshwa kwa kichwa. Hakuna fomu. Hakuna muhuri. Sasa muhuri upo.

Dada alikuwa anafunga nepi. Alisema sikukuu ni sikukuu, na inayomhusu yeye ni Mei Mosi tu. Siku hiyo binti yake Ekaristia anaweka nadhiri za kwanza za utawa, Peramiho, Misa saa nne. Mama humsindikiza binti mpaka altareni, upande wa kulia. Baba hutembea kushoto. Baba wa Ekaristia alifariki mtoto akiwa darasa la tatu, kwa hiyo kushoto atatembea mjomba. Mjomba ni mimi. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, Mei Mosi kituo kinafungwa. Akasema nirudie. Nikarudia.

Alasiri, wazo! Sikukuu walipe wakiwa nyumbani. Sisi tupumzike, ada iingie. Nimeandika Kanuni, ibara tatu. Ya kwanza ndiyo moyo wake: "Sikukuu zote ni siku za kazi kwa upande wa ada tu." Nimeisoma kwa sauti mara nne. Inapendeza.

Jumatano, 23 Aprili

Steshenari, mjini. Oliva, binti anayechapa, alisema Kanuni zimezidi ukurasa kwa mstari mmoja. Ukurasa wa pili ni bei nyingine, mara nakala tisa. Nikamwambia tupunguze. Akauliza tutoe nini. Nilipitia kwa makini nikakuta maneno matano ya mwisho katika Ibara ya 1 hayana kazi, maana mtu yeyote mwenye akili ataelewa. Tukayatoa. Sasa inasomeka: "Sikukuu zote ni siku za kazi." Fupi. Ina uzito. Zimeenea ukurasa mmoja na nafasi ya muhuri imebaki.

Nimegawa jioni, wazazi walipokuja kuchukua watoto.

Mwalimu Lidwina, mama wa Aidan, alisoma na kalamu nyekundu mkononi. Alisahihisha neno moja kisha akafika Ibara ya 2, ambayo kusema kweli niliiandika kwa ajili yake. Yeye huleta mtoto shule zikiwa wazi tu. Likizo ya mwezi wa sita anakaa naye nyumbani na halipi kitu. Ibara inasema mzazi wa namna hiyo atalipa nusu ada wakati wa likizo ili nafasi ya mtoto isichukuliwe. Nilitegemea makelele. Aliuliza tu kama nafasi hiyo, akishailipia, ni yake. Nikasema ni yake kabisa. Akauliza kama naweza kuandika hivyo pembeni. Nikaandika. Nikasaini. Nikagonga muhuri. Akakunja karatasi mara nne akaitia kwenye pochi. Mwanamke mwelewa.

Bashiru, baba wa mapacha, muuza mitumba, aliuliza kama sikukuu zote maana yake na Idd. Nikasema zote, hatubagui. Akasema mashaallah, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Sijawahi kupewa heshima kama ile tangu ghalani.

Alhamisi, 24 Aprili

Devota ameona Kanuni. Huyu naye analea watoto wa watu, saba, nyumba inayotazamana na yetu, bila fomu hata moja. Leo ameandika mlangoni kwake kwa chaki: SIKUKUU HATUDAI NA HATUPOKEI. Herufi zinapanda mlima.

Nilipita kwa bahati, mara tatu. Mara ya tatu alitoa kichwa dirishani akanisalimia: "Shikamoo, Mkurugenzi wa Nepi!" Watoto wake saba wakaitikia kwa pamoja marahaba. Mtu ananizidi miaka miwili ananipa shikamoo. Nimeandika tarehe na saa.

Jumamosi, 26 Aprili. Muungano

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hodi. Nilikuwa bado na shuka begani. Bashiru, na mapacha, na mfuko wa maandazi yao. Nikamwambia leo ni sikukuu. Akasema anajua, ndiyo maana amewahi, mnada wa mitumba siku kama leo hauna mfano, na mkewe anauza naye. Nikamwambia tumefunga. Akatoa Kanuni mfukoni, akaninyooshea kidole Ibara ya 1, akasoma taratibu kama mtu anayemsomesha mzee: "Sikukuu. Zote. Ni siku. Za kazi." Akaniuliza ni nani kaandika.

Nilimweleza kuhusu upande wa ada. Akageuza karatasi kutafuta upande huo.

Kufika saa mbili walikuwa tisa. Wote! Hata Aidan, ambaye Jumamosi haji kabisa. Mwalimu Lidwina alisema ana madaftari mia na ishirini ya kusahihisha, akanishukuru kwa ubunifu.

Dada alikuwa amevaa viatu vya kwenda mjini kununua zawadi ya Ekaristia. Akavivua. Akawasha moto wa uji. Mchana, watoto walipolala, akaniuliza: na Alhamisi? Nikasema nitarekebisha. Akaniita mlongo, yaani ndugu kwa lugha ya kwetu, neno alilotumia mama kuwaita ndugu zangu waje kuona nilichovunja. Akasema: "Mlongo, Alhamisi sina siku nyingine."

Jumapili, 27 Aprili

Nimeandaa Marekebisho kwa mkono. Nikayasoma nje ya kanisa baada ya Misa ya pili, wazazi watano wakiwapo.

Mwalimu Lidwina alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza Ibara ya 3 inasemaje. Nilikuwa nimeisahau. Inasema: "Kanuni hizi hazitabadilishwa bila notisi ya siku saba." Niliiweka ili wazazi wasinibadilikie. Akahesabu kwa vidole, mbele ya watu. Jumapili mpaka Jumapili. Marekebisho yataanza tarehe nne Mei.

Alisema Mei Mosi walimu wanaandamana, fulana na kofia ameshapewa, hawezi kuandamana na mtoto mgongoni. Mwingine akasema ameshaahidi kulima kibarua Mpitimbi. Nikauliza kama hakuna mwenye huruma. Wakauliza huruma ya nini. Ningeweza kusema habari ya nadhiri. Lakini Mkurugenzi hawezi kuomba mambo ya ukoo kwenye kikao cha kanuni. Nikasema ni suala la kiutawala.

Jumatatu, 28 Aprili

Mpango: Devota apokee watoto wetu kwa siku moja. Nilivuka barabara na sukari nusu kilo. Nilijishusha. Nilimwita dada Devota.

Alicheka mpaka akashika kizingiti. Akaniuliza kama sijui kusoma, mlango wake umeandikwa. Akasema yeye mwenyewe Mei Mosi anakwenda Peramiho, Mama Ekaristia alimwalika tangu Kwaresima, na sare za ukoo, vitenge vya bluu vyenye picha za njiwa, nani nadhani amezishona? Akaniuliza yangu nimeshaijaribu. Sikujua kama ninayo. Ninayo. Shati la mikono mirefu. Akalitoa akanipima mgongoni huku anasema nimenenepa kwa kugonga mihuri.

Linanitosha vizuri, kwa kweli. Sukari alibaki nayo.

Jumanne, 29 Aprili

Mpango wa pili. Ugonjwa! Nimebandika tangazo: "Kituo kimeingiliwa na MACHO MEKUNDU. Kitafungwa Alhamisi kwa ajili ya usafi." Muhuri.

Mwalimu Lidwina, anayefundisha pia somo la afya, alisimamisha watoto kwenye mstari, akawavuta kope mmoja mmoja. Macho kumi na nane meupe kama maziwa. Kisha akanitazama mimi. Asubuhi nilikuwa nimesaidia kukata pilipili, halafu nikajisahau nikafikicha jicho. Akasema mgonjwa ni mmoja, na huyo hagusi watoto, kwa hiyo kazi iendelee. Bashiru alicheka hadi akapaliwa. Ameniita Jicho mbele ya mapacha. Sasa mapacha nao wananiita Jicho.

Jumatano, 30 Aprili

Ekaristia alipiga kwa simu ya watawa, dakika tatu tu. Aliniomba nisitembee haraka kesho, kwa sababu mama yake ana goti. Nikasema nitatembea kwa mwendo wa kiserikali. Akacheka. Akasema tangu akiwa mdogo alikuwa akihesabu nani atakuwa kulia na nani kushoto.

Nikakaa na dada kupanga. Nilisema tuwaachie watoto jirani. Hakuna jirani, wanakwenda wote Peramiho. Nilisema yeye aende, mimi nibaki na watoto. Alifikiri. Akanikumbusha kwamba mwaka jana aliniachia watatu kwa nusu saa na mmoja alilamba wino wa muhuri. Wiki nzima ulimi wa bluu. Alisema watoto tisa wa watu, siku nzima, hawezi kuniachia, hata kama moyo unamuuma. Basi, nikasema, njia ni moja: yeye abaki, mimi nikaiwakilishe familia. Nitapiga picha nyingi. Nitatembea katikati ili pande zote mbili zionekane zina mtu.

Alinitazama muda wa kutosha uji kushika chini. Halafu akachukua kitenge chake cha bluu, alichokuwa amekwisha kukipiga pasi, akakikunja, akakirudisha sandukuni. Akafunga sanduku. Akaenda kukoroga.

Nimesuluhisha. Nimeandaa soksi.

Alhamisi, 1 Mei. Mei Mosi

Mambo mengi. Naandika kwa mpangilio.

Saa kumi na mbili na nusu. Mimi tayari, shati la bluu, tai. Nilipanga kupanda Haisi ya kwanza ya Peramiho, ya saa moja na nusu. Dada na aproni yake. Bashiru akafika na kirikuu cha kukodi, nyuma kumejaa marobota ya mitumba, mapacha mbele. Kumi na mbili na dakika arobaini, Mwalimu Lidwina, kofia na fulana ya maandamano, Aidan mkononi. Wengine nyuma yao. Nikafungua daftari la mahudhurio.

Bashiru akamkabidhi dada mapacha, halafu akasita. Akamwinamia. Akasema: "Mama Ekaristia, mbona macho yako mekundu? Kumbe ule ugonjwa ni kweli?"

Dada akasema si ugonjwa. Akataka kuishia hapo. Lakini Bashiru hana adabu ya kuishia mahali, akaendelea kuuliza, na dada akasema yote, pale pale mlangoni, pacha mmoja kila mkono. Nadhiri. Saa nne. Mtoto wake wa pekee. Kulia na kushoto.

Kisha kelele! Wazazi wote kwa pamoja. Bashiru alisema astaghfirullah, mama anakosa siku kama hii kwa sababu ya soksi na blauzi? Mwalimu Lidwina alinigeukia akaniuliza kwa nini Jumapili sikusema. Nikajibu nilisema ni suala la kiutawala. Akavua kofia, akaivaa tena, akasema darasani kwake mtoto wa aina yangu humkalisha dawati la mbele.

Bashiru akaanza kushusha marobota, akayapanga uani kwetu. Kirikuu kinakwenda Peramiho, akasema, mnada utasubiri. Dada alivaa ndani ya dakika nne. Sijawahi kumwona anakimbia. Devota akatoka kwake na kitenge hicho hicho, akapanda nyuma kama msichana, akamvuta dada mkono. Wazazi wakachukua kila mtu mtoto wake. Mapacha walikwenda na Mwalimu Lidwina kwenye maandamano, mmoja amevalishwa kofia.

Hapo nikaona hatari. Watoto walikuwa wanaondoka! Kesho kila mmoja angesema hakupokelewa, kwa hiyo halipi, wakati kituo kilikuwa wazi na Mkurugenzi yupo mlangoni. Ni lazima iandikwe kwamba wamewaondoa kwa hiari yao. Nikapiga mstari kwenye daftari, nikaandika kichwa cha habari, nikaanza kukusanya saini. Wa kwanza alisaini bila kusoma. Wa pili alitaka kujua anasaini nini, nikamsomea. Wa tatu kalamu iligoma.

Kirikuu kilipiga honi. Nikaonyesha kidole kimoja, maana yake dakika moja. Honi ya pili. Dada aliita jina langu. Nikaonyesha tena. Saini ya nne ilikuwa ya Mwalimu Lidwina, naye alikuwa ameshafika kona. Nilimkimbilia. Niliporudi barabara ilikuwa tupu, ila moshi.

Haisi ya saa moja na nusu ilijaa watu wa maandamano, haikusimama. Ya saa mbili na nusu haikuja. Saa tatu nilirudi kituoni. Ni siku ya kazi. Nilikaa mezani mpaka saa kumi na moja, na tai. Watoto sifuri. Kasoro sifuri. Uji, kwa mara ya kwanza tangu nianze kuandika, haukuchelewa, maana haukupikwa.

Walirudi saa kumi na moja na nusu wanaimba. Devota ndiye aliyenisimulia, bila kuombwa, amesimama mlangoni na kipande cha keki ambacho hakikuwa changu. Ekaristia alitoka amevaa nyeupe, akatafuta kushoto kwake, akakuta hakuna mtu. Akatazama nyuma. Basi Devota akatoka kwenye benchi akasimama pale. Alitembea taratibu, goti la dada likapumzika. Nusu ya kanisa ilikuwa inanong'ona, mjomba yuko wapi? Mzee mmoja wa ukoo akamuuliza dada kwa sauti. Dada akamjibu, na watu wa benchi tatu wakasikia: "Yuko kazini. Sikukuu zote ni siku za kazi."

Amenitetea. Mbele ya ukoo mzima. Sikutegemea.

Ijumaa, 2 Mei

Watoto tisa. Uji saa tatu.

Ada ya jana: nilimwonyesha Bashiru saini. Akaniuliza kama na mafuta ya kirikuu nitayasaini. Nikamkumbusha kwamba marobota yake matatu yalishika nafasi uani kwetu kwa muda wa saa kumi na moja nzima. Alicheka. Hakulipa. Nimemwandika kuwa anafikiria.

Mwalimu Lidwina ameleta barua. Mwezi wa sita, shule zikifungwa, nafasi ya Aidan, anayoilipia nusu na ambayo ni yake kabisa kwa saini yangu na muhuri wangu, itakaliwa na watoto wa kaka yake kutoka Mpitimbi. Wawili. Mmoja asubuhi, mmoja alasiri. Dada aliisoma akaketi chini. Mimi naona ni dalili njema. Nafasi moja, watoto wawili! Kituo kinakua.

Picha imeletwa. Ekaristia katikati, dada kulia, Devota kushoto ametoa meno yote. Dada ameitundika sebuleni kwenye msumari wa Kanuni. Kanuni zipo jikoni, chini ya sufuria. Nimeandika: msumari mpya, mmoja.

Jumamosi, 3 Mei

Nimelala vizuri, nimeamka na wazo. Kosa la Ibara ya 1 halikuwa maneno. Lilikuwa sikukuu. Sikukuu za serikali zinajulikana na kila mtu, ndiyo maana wanazikalia macho. Lakini kila mtoto aliyebatizwa ana sikukuu yake ya somo, siku ya mtakatifu aliyepewa jina lake, na hiyo hakuna anayeihesabu! Siku hiyo mtoto akae nyumbani, ada iingie. Nimechukua kalenda ya kanisa. Aidan, tarehe thelathini na moja Agosti. Yupo mtakatifu karibu kila siku ya mwaka. Watoto wa Bashiru nitawatafutia kifungu chao.

Nimekwenda steshenari. Kanuni Mpya, ibara tano. Oliva amechapa, akasema zimezidi ukurasa kwa mstari mmoja.

Nimempa kalamu. Nimemwambia anajua cha kufanya.